Nusu ya Gari

Hilal alipokufa sikwenda matangani. Nilisoma habari kwenye kundi la simu la jamaa zetu wa Ibra, baina ya picha ya keki ya siku ya kuzaliwa na tangazo la shamba la kukodisha, nikasema innalillahi, nikaweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele. Ningekwenda kama nani? Mwanamke aliyekuwa mke wa mtu kwa miezi michache tu, na hata siku moja hakulala nyumbani kwake, hana mkeka wa kukalia matangani. Akikaa na wafiwa atatazamwa, akikaa na majirani atanong'onwa. Basi nikabaki kwangu Sur, nikamsomea Yasini peke yangu, na mchele ule nikauchambua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuwa nimeona kitu.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini haukupita muda mrefu kijana mmoja akanigongea mlango, mrefu, mwembamba, na nilipomwona nikalazimika kushika fremu ya mlango. "Shikamoo, bibi," akasema. "Mimi Mazin, mtoto ya Hilal." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha, nikamwambia umefanana na babako mpaka nimeogopa. "Baba alisema, ukienda kwa Bibi Rayya usisema Kiarabu, sema Kiswahili, yeye anapenda." Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anakipenda. Akacheka. "Mimi napenda, lakini yenyewe hapendi mimi. Maneno inakimbia." Nyuma yake alikuwapo bwana mmoja wa Maskati, kanzu imepigwa pasi hata inakata, na huyo shughuli yake ni kutafuta magari ya zamani na kuyauza kwa matajiri wa Ghuba nzima. Walikunywa kahawa, wakala halwa, wakaniuliza habari za watoto na wajukuu kama adabu inavyotaka, na muda wote huo mimi nikijua wamefuata nini. Mwishowe Mazin akaweka kikombe chini. "Gari iko Mudhaibi, bibi. Tunataka kuuza, tugawe mirathi. Mahakama wanasema nusu ni yako. Bila wewe, hakuna kitu." Yule wa Maskati akanitajia thamani yake kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa. Nilidhani anataja thamani ya nyumba. Akanambia, "Mama, hili si gari tena. Hiki ni katika vitu ambavyo duniani vimebaki vya kuhesabika." Nikawaambia nitakuja nilione kwanza, ndipo niseme neno langu. Walipoondoka nilikaa palepale ukumbini na vikombe vyao, nikaanza kuukumbuka mwaka ule, na mpaka adhana ya magharibi nilikuwa bado sijaumaliza.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mpya wa skuli ya wasichana Ibra, nakaa kwa shangazi yangu, Bi Zuwena. Nyumba yake ilikuwa nusu udongo nusu matofali mapya. Chumba changu kilikuwa upande wa matofali, kimegusana na majlisi ya wanaume, na fundi aliyepitisha waya wa feni alitoboa tundu ukutani kubwa kuliko waya wenyewe, akaliacha hivyo. Kupitia tundu lile nilijua bei za mbuzi, ugomvi wa maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, na nani kamposa nani. Shangazi hakutaka lizibwe. Alikuwa akija chumbani kwangu "kukunja nguo" kila wageni wa kiume wanapofika, na nguo zetu hazikupata kukunjwa vizuri kama mwaka ule. Chakula chake kilikuwa cha Unguja kwa vitu vya Oman: mchuzi wa papa mkavu kutoka Sur, mkate wa ufuta uliochomwa juu ya makaa ya mti wa msamri, na nazi tuliyoipata pale tu mtu alipotoka Salala akatukumbuka. Siku ya nazi ilikuwa sikukuu. Shangazi alikuwa akiikuna mwenyewe, amekalia mbuzi katikati ya ua, na majirani wakija kumtazama. "Wacheni washangae," husema. "Wao hula kwa mate, sisi twala kwa tui."

Gari lile tulilisikia kabla ya kuliona. Nilikuwa nasahihisha madaftari, feni ikitikisa karatasi, na mngurumo ukaingia mtaani, mzito, wa chini, hata vikombe kabatini vikagongana. Shangazi akasema, "Mungu wangu, wanabomoa." Tukachungulia. Lilikuwa limesimama mlangoni kwetu, refu, bapa, milango miwili tu, boneti pana kama kitanda cha watu wawili, na rangi yake, wallahi, rangi yake ilikuwa ya zambarau lililoiva mpaka linataka kupasuka. Mimi tangu nihamie Oman sikuwa nimeona zambarau. Nilisimama dirishani na mate yakanijaa mdomoni, na sijui kama lilikuwa gari au tunda nililolitamani. Akashuka Hilal, kijana tuliyekaa naye mtaa mmoja Unguja tukiwa wadogo, alipokuwa akilelewa kwa mjomba wake. Babake hakupata kuondoka Mudhaibi maisha yake yote. Hilal mwenyewe alikuwa akirudi kutoka Kuwait, alikofanya kazi ya gereji miaka kadhaa.

Habari ya gari niliisikia siku hiyohiyo, kupitia tundu. Lilitengenezwa Marekani, katika miaka ile ambayo Wamarekani walishindana nani atatia injini kubwa zaidi katika gari dogo zaidi, ili vijana wao wapimane nguvu barabarani. Lilikuwa na silinda nane na gia za mkono. Mtoto wa tajiri mmoja wa Kuwait aliliagiza kwa rangi hiyo maalumu, akaliendesha msimu mmoja, likamtisha, akalitupa gereji. Hilal alilinunua kwa mshahara wake, akakata nalo jangwa lote mpaka Oman, akilala kiti cha nyuma na kunywesha injini maji kabla hajanywa yeye. "Barabarani watu walikuwa wakinisimamisha," alikuwa akieleza, "wananiuliza, huyu mnyama anakula nini?" Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa nimeacha madaftari, nimeegemea ukuta, nasikiliza ile sauti ya Kiswahili cha kwetu, yenye "ntakwenda" na "nshakwambia", nikahisi kitu kifuani ambacho sikukihisi tangu nifike nchi hii. Shangazi akanitazama. Alikunja khanga moja mara nne.

Hilal akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala, eti kumwamkia Bi Zuwena. Shangazi akampikia. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mtaani Ibra hayakufichika hata kidogo kwa sababu ya ule mngurumo: kila akija, watu nyumba kumi wanajua. Haikuchukua muda akaleta posa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa walii wangu wa kuniozesha, akaja kutoka Nizwa na masufuria ya halwa, wakakaa majlisi, na mimi na shangazi tukakaa na nguo zetu za kukunja. Nikamsikia kaka akiuliza habari ya mahari. Hilal akajibu, "Muulizeni mwenyewe. Mahari ni haki yake, atakalo ndilo." Shangazi hapo hapo akanigeukia. "Haya, mwari, unaulizwa. Sema dhahabu."

"Nataka gari," nikasema.

"Gari gani?"

"Lile. La zambarau."

"Mtoto umerogwa wewe? Mahari ya mtu huvaliwa shingoni! Utalivaa wapi dude lile?"

Tukasikia mtu anacheka upande wa pili. Tulisahau kwamba tundu linapitisha maneno kwenda na kurudi. Kisha sauti ya Hilal ikasema, bila kungoja shangazi apeleke jibu, "Nimelitoa." Kaka akakohoa, na shangazi akafunika uso kwa ile khanga aliyokuwa akiikunja. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na sikujua analia au anacheka. Sijapata kusikia neno tamu kuliko lile mpaka leo, na nimeolewa baadaye, nikazaa, nikaitwa mama na bibi.

Nikaozwa. Harusi yenyewe, ya kupelekwa nyumbani kwa mume, ilipangwa ingoje mpaka tende zivunwe, kwa kuwa babake Hilal alikuwa akitujengea chumba kule Mudhaibi na kabla ya mavuno hakuna wa kumsaidia. Kisheria nilikuwa mke, kwa desturi nilikuwa mwari tu, na gari lilikuwa langu lakini sijui kuliendesha. Hilal akasema hilo aibu yake yeye. Akaja kunifundisha, na shangazi akasema, "Sawa, ila na mimi nimo." Sasa gari lile la milango miwili, anayekaa nyuma lazima alaze kiti cha mbele apenye. Bi Zuwena alikuwa mwanamke mwenye mwili. Kumwingiza ilikuwa kazi ya watu wawili, mmoja akivuta na mmoja akisukuma, yeye akipiga bismillahi na kutulaani. Akishakaa, na bakuli lake la vitumbua mapajani, hatoki mpaka turudi. "Injini imewekwa mbele kwa watu wazima," alikuwa akisema, "na huku nyuma wameacha nafasi ya paka."

Nilijifunza katika bonde kavu nje ya Ibra. Klachi yake ilikuwa nzito hata goti langu lilikuwa likitetemeka usiku kucha. Hilal hakunigombeza hata mara moja. "Usipigane nalo," alikuwa akinambia. "Lina nguvu kukuzidi, lakini halina haraka. Wewe ndiye una haraka." Nikalizoea. Kabla ya mwezi kumalizika nikalichukua mpaka Sur, lami ikiwa mahali imefika na mahali bado, na Hilal pembeni yangu akitazama mbele tu, anatabasamu kama mtu aliyesikia siri. Tukala samaki kwa mama mmoja karibu na bandari, juu ya mkeka, mikono inanuka ndimu na pilipili. Shangazi, ambaye siku hiyo alikubali kushuka, akalala palepale kwenye mkeka. Tukazungumza mimi na Hilal, tukijibana sauti. Aliniuliza kama nitaacha kusomesha tukishahamia Mudhaibi. Nikamwambia siachi. Akasema, "Vizuri. Basi utakuwa unakuja Ibra asubuhi na gari lako, na mimi nitakuwa nakungoja jioni." Alisema hivyo tu. Nina hakika hakujua kwamba katika maneno yale machache alinijengea nyumba nzima, na ndani yake nilikaa muda mrefu baada ya yeye kutoka.

Lililotuvunja lilikuwa salamu. Nawaeleza wajukuu zangu hawaamini. Tende zilikuwa zimeanza kukomaa, shangazi akataka kwenda Mudhaibi kupima madirisha ya kile chumba kwa ajili ya mapazia. Nikaendesha mimi. Tulikuwa tumeafikiana kwamba kabla ya kuingia kijijini kwao nitasimama, Hilal ashike usukani. Lakini joto la siku ile liliwatoa wanaume kwenye sabla, ule ukumbi wao wa mtaa, wakaja kukaa nje kabisa, kwenye kivuli cha ukuta mwanzo wa njia, mahali ambapo siku zote hapakuwa na mtu. Tulikata kona tukawa mbele yao. Na katikati yao alikaa babake Hilal, na fimbo yake.

Hilal akasema, "Simama. Simama tuwape salamu." Kwao, mtu hapiti mbele ya sabla bila kusimama, akashuka, akapeana mikono na wote, akaulizwa habari na kuuliza. Kupita moja kwa moja ni sawa na kuwatemea mate. Mimi hilo nililijua kwa kusikia, lakini mwili wangu ulilelewa na adabu nyingine. Kwetu mwari aliyeozwa na hajapelekwa bado haonani na mkwewe. Akikutana naye kwa bahati mbaya hufunika uso na kukimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo anavyosifiwa. Basi nikavuta ushungi usoni, nikakanyaga mafuta. Gari lile halikujua kukimbia kidogo. Liliunguruma kama linaita mvua, likaruka, na vumbi la njia nzima likasimama nyuma yetu likawashukia wale wazee. Hilal aliweka mkono kichwani. Na shangazi kule nyuma, kitumbua mdomoni, akanipigia makofi: "Hapo sawa, mwanangu! Mwenye adabu haambiwi mara mbili!"

Kesho yake babake Hilal akaja Ibra na ndugu zake wawili, na Hilal mwenyewe nyuma yao. Hakunywa kahawa. Nilikaa chini ya tundu langu, na maneno yake yalikuwa ya Kiarabu cha bara, mazito, lakini niliyaelewa yote. "Ngamia wa mgeni akipita kwetu husimamishwa apewe maji," alisema. "Huyu kanipita na mwanangu kiti cha pembeni kama gunia la tende, na vumbi akanilisha mbele ya watu." Shangazi hakuweza kujizuia. Akaenda mlangoni, akasema kutoka nyuma ya pazia, "Ilikuwa adabu, bwana! Nakuapia. Kwetu mwari hasimami mbele ya mkwewe."

"Kwenu wapi?" mzee akauliza.

Shangazi akalishika pazia.

"Kwenu ni hapa," mzee akasema. "Hamna kwenu kwingine."

Nimefikiri sana juu ya maneno yale. Kuna siku nimeyaona kama kofi na kuna siku nimeyaona kama karibu, na pengine mzee mwenyewe hakujua ametupa lipi. Lakini lililofuata halikuwa na pande mbili. Alimgeukia mwanawe, akamwambia achague, yule mwanamke au radhi yake. Nilingoja kusikia sauti ya Hilal. Nilingoja aseme neno moja, kama lile alilolisema siku ya posa bila kuulizwa. Nilibandika sikio tunduni mpaka waya ukaniacha alama shavuni. Hakusema kitu. Mimi sikumlaumu kwa kumtii babake, radhi ya mzazi nani atachezea? Nilimlaumu kwa kimya kile, na kumpenda sikuacha. Vyote viwili nimekwenda navyo.

Akaja kunipa talaka mwenyewe, mbele ya kaka yangu na sheikh wa mtaa. Sheikh akauliza kama tulipata kukaa faragha, maana kama ndiyo, mahari yote ni yangu, na kama sivyo, ni nusu. Shangazi akajibu kutoka nyuma ya pazia kabla ya mtu mwingine. "Faragha gani? Mimi nilikuwa nyuma!" Sheikh akauliza kama alikuwa macho. "Mimi nalala jicho moja," akasema shangazi. Basi ikawa nusu. Nusu ya nini? Sheikh alishagawa mashamba, dhahabu, hata ng'ombe, lakini kwa gari alikuna ndevu. Akasema liuzwe, tugawane. Hilal akasema haliuzi. Na mimi, nikiwa upande wa pili wa ukuta, nikasema siuzi. Sheikh akatukumbusha kwamba mmoja kumwachia mwenzake sehemu yake ndiyo bora mbele ya Mungu, na akangoja. Hakuna aliyesema. Gari lile lilikuja na funguo mbili, mmoja wa kuwasha na mmoja wa milango na buti. Sheikh akampa Hilal wa kuwasha, wa milango akaupitisha chini ya pazia kwangu, akasema, "Mpaka mtakapopatana." Eda sikukaa hata siku moja, maana mwanamke aliyeachwa kabla ya kupelekwa hana eda. Asubuhi yake nilikwenda skuli nikasomesha kuzidisha. Sheria haikunipa hata ruhusa ya kulia.

Baadaye nikahamishiwa Sur, nikaolewa na mtu mwema, Mungu amrehemu, na sisemi haya kumpunguzia. Aliijua habari yote. Mara nyingine alikuwa akinambia, kwa nusu utani, "Rayya, mwachie maskini gari lake." Nami nikimjibu, "Hajaniomba." Hilal nilimwona mara moja tu. Ilikuwa Bidbid, pale njia ya Nizwa na ya Sur zinapoachana, kila mmoja amesimama kutia petroli, mimi na watoto wangu, yeye na wake. Ndevu zilikuwa zimeanza mvi. Akaja mpaka hatua chache na gari letu, akamsalimia mume wangu kwa adabu, kisha akasema, bila kunitazama sana, "Lipo." Nikamuuliza, "Lipo?" Akasema, "Lipo." Ndiyo mazungumzo yetu yote tangu siku ile, na yalinitosha miaka mingi.

Wiki iliyopita Mazin alikuja kunichukua Sur. Gari lilikuwa katika ghala la nyuma ya nyumba yao Mudhaibi, chini ya maturubai matatu. Walipoyavuta niliziba macho kwanza. Ile rangi ilikuwa vilevile. Nikatoa ufunguo wangu, na mlango ukafunguka kwa kugoma kidogo, na bwana wa Maskati akavaa glavu nyeupe kabla ya kugusa kitu. Alikuwa kijana mwenye mapenzi na kazi yake, akatueleza kwa furaha. Magari kama haya, alisema, yaliingia Ghuba mengi, na karibu yote yalikufa mikononi mwa vijana: yamepinduliwa mchangani, yametiwa injini nyingine, yamepakwa rangi ya mtindo. Hili nambari iliyogongwa kwenye injini ni ileile ya kwenye bodi, rangi ni ya kiwandani, hata mpira wa akiba haujapata kugusa ardhi. "Na lingekaa kwako Sur, mama, chumvi ingelimaliza. Ukavu wa huku ndio umeliokoa." Akazunguka boneti, akatikisa kichwa. "Lakini zaidi ya yote limesalimika kwa kuwa hakuna aliyeweza kuliuza wala kuliendesha. Hiyo ndiyo thamani yake." Nikamwambia ndiyo, naona. Nilitazama kiti cha nyuma, ile nafasi ya paka, nikamwombea shangazi rehema.

Mjane wa Hilal, Bi Shamsa, alikuwa ndani kwenye eda yake. Mazin akanambia mamake anataka kuniona. Nilikuta mwanamke mnyamavu, wa rika langu, amekaa juu ya godoro na sahani ya tende mbele yake. Hajui Kiswahili. Tulipeana mikono, tukaulizana habari mpaka zikaisha, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Kisha akasema, "Miaka yote nilikuwa nikilifagilia mavumbi gari lako." Nikamwambia Mungu akulipe. "Wanunuzi walikuwa wakija tangu Mazin hajazaliwa. Nikimwambia mume wangu, mwombe yule mwanamke akuachie sehemu yake. Ana nyumba yake, ana watoto wake, nusu ya gari ya nini?" Akaigeuzageuza tende mkononi bila kuila. "Akinijibu, 'Nikimwomba atanipa.'"

Akairudisha tende sahanini. "Mwanzo nilidhani kiburi," akasema tena. "Nilikuwa kijana. Baadaye nikaelewa, na kuelewa kwenyewe hakukunifurahisha." Hakulisema kwa hasira. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi sikumwachia kwa sababu hiyohiyo, kwamba niliogopa ningempa, angepokea, na basi yangekuwa yamekwisha. Lakini yeye alikuwa mjane na mimi mgeni, na mtu hampi mwenye msiba mzigo wa pili. Nikamshika mkono tu. Alinikubalia.

Uani walikuwa wanangoja Mazin, yule wa Maskati, na karani aliyetumwa na mahakama kuandika. Nilikuwa nimeshakata shauri kule ndani: nusu yangu sitaki bei yake, iende kwa nyumba ile iliyoifagilia. Karani akanieleza maneno ya kusema, mbele ya mashahidi, niwaachie warithi wa marehemu. Nikafungua mdomo.

"Hilal," nikasema, "nusu yangu nimekuachia."

Karani akanyanyua kalamu. "Warithi, mama. Maiti hapokei."

"Najua."

"Basi sema warithi."

"Bibi, sema tu," akasema Mazin kwa upole, na sauti ilikuwa ya babake kabisa.

Nikasema. Nimewaachia warithi wa Hilal nusu yangu ya gari, kwa ridhaa yangu, sina dai. Nikasema kwa nguvu ili Bi Shamsa asikie dirishani. Neno la mwisho liliponitoka nilitaka kulirudisha, lakini Mazin alikwisha kusema alhamdulillahi, na karani alikuwa anaandika.